Rafiki Siye Anayekula Muda Wako Chuoni

Anayeingia chuo hupewa wosia uleule kila mwaka: punguza marafiki, zidisha vitabu. Nami nilipewa, na walionipa walinitakia mema. Lakini nimemaliza shahada, nimeishi hosteli mwanzo hadi mwisho, na wosia ule siukubali. Niliowaona wakirudia mitihani hawakuwa wale wenye marafiki tele. Wengi walikuwa wale waliokaa maktaba tangu asubuhi, daftari wazi, simu mkononi, jioni ikaingia wakiwa hoi na ukurasa ni uleule. Wakialikwa kutoka wanasema hawana nafasi, na ni kweli hawana.

Saa hizo, ambazo mtu hasomi wala hapumziki, ndizo za kuzisaka kwanza. Kwa wiki moja, kila kabla ya kulala, andika siku yako ilikwendaje. Usijipendelee. Kisha piga hesabu. Vyuo vingi hukadiria kwamba saa moja ya mhadhara huhitaji saa mbili za kujisomea, kwa hiyo mwenye vipindi vya saa 15 kwa wiki ana kazi ya saa 45 hivi. Wiki ina saa 168. Ondoa hizo 45, ondoa 56 za kulala saa 8 kila usiku, zimebaki 67. Hata kula, kufua, ibada na kutembea vikichukua 30, bado una 37 mkononi. Anayesoma udaktari au uhandisi, mwenye maabara zisizoisha, au anayejilipia ada kwa kibarua, hesabu yake ni ngumu zaidi na simdanganyi. Wengine tunazo saa, ila hatuzioni.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kusoma mchana. Katikati ya kipindi na kipindi kuna zile nafasi za saa moja au mbili ambazo watu huzimalizia vibarazani. Nilizigeuza kuwa za msuli, jioni ikawa yangu, na niliifurahia bila dhamiri kunisuta. Tena kurudia somo siku ileile kuna faida yake: Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi katika saa za mwanzo baada ya kujifunza.

Na kurudia kwenyewe si kupitisha macho tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Funga daftari, andika unachokumbuka, ndipo ufungue uone ulipopungukiwa.

Hapa ndipo rafiki anapoacha kuwa mshindani wa kitabu, kwa sababu hakuna anayekupima vizuri kama mwenzako anayekuuliza "kwa nini?" mara ya tatu. Diskasheni nzuri ina watu watatu au wanne, kila mmoja amekuja amesoma, na saa ya kumaliza inajulikana kabla ya kuanza. Wakifika kumi ni baraza. Baraza si kosa, nililipenda sana, ila usiliandike kwenye ratiba kama saa za kusoma.

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani sitakusifia. Usingizini ndiko ubongo unakoyakaza uliyojifunza, na anayekesha anajinyima hilo.

Kukataa mwaliko nako kuna namna yake. "Sina muda" humfanya mtu aache kukualika. "Leo nina asaimenti, Ijumaa nipo" hukulindia kazi na urafiki, mradi Ijumaa utokee kweli, simu ukaiweka mfukoni. Vyama navyo, chagua kimoja au viwili unavyovipenda. Cheo kinachokuja kwenye muhula wenye kozi nzito zaidi, mwachie mwingine. Mikutano ya viongozi ina tabia ya kuzaa mikutano.

Kuna siku ratiba yote hii inawekwa kando. Rafiki akifiwa, au akilazwa, nenda. Lakini kabla hujatoka mwandikie mhadhiri, mweleze kilichotokea na umwombe siku za nyongeza. Anayeomba kabla ya tarehe ya kukusanya kazi husikilizwa kuliko anayekuja na maelezo baadaye, na baadhi ya vyuo vina fomu maalumu ya maombi hayo ambayo wanafunzi wengi hawajui kama ipo. Iulizie ofisi ya idara yako mapema muhula unapoanza, wakati huihitaji.