Mzigo umepotea kwenye XML

SWALI: Natunza kumbukumbu za ghala la korosho kwa PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Kila wiki natoa faili la XML (data iliyofungwa kwa tegi kama <mzigo>): chama cha msingi, na ndani yake mizigo yake. Nodi, yaani kila kipande chenye tegi, nazitengeneza kwa kuunganisha maandishi kwa alama ||. Safari hii mizigo miwili haikutokea kabisa, na faili lenyewe limegoma kufunguka. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Mizigo hiyo miwili bila shaka haijapimwa. Safu ya kilo ni NULL, yaani haina thamani, na NULL ikiunganishwa kwa || na chochote, jibu ni NULL. Mstari wote unayeyuka. Kuhusu faili, kagua safu ya maelezo. Karani akiandika "unyevu <10%", programu inayosoma XML huidhani ile < ni mwanzo wa tegi. Alama & nayo huleta balaa hilo hilo.

Achana na ||. Fankisheni za XML zimo kwenye kiwango cha SQL, lugha ya hifadhidata, tangu 2003:

SELECT xmlelement(name chama,
  xmlattributes(c.jina AS jina),
  xmlagg(xmlelement(name mzigo,
    xmlforest(m.tarehe, m.kilo, m.maelezo))
    ORDER BY m.tarehe)
  FILTER (WHERE m.id IS NOT NULL)) AS x
FROM vyama c LEFT JOIN mizigo m
  ON m.chama_id = c.id
GROUP BY c.id, c.jina

Hapo xmlforest huipa kila safu nodi yake na kuiruka iliyo NULL, kwa hiyo mzigo usiopimwa unabaki, ila bila kilo. Ile < inageuzwa &lt; yenyewe. Ukikuta &amp;lt; ujue kuna replace() ya zamani uliyoiweka kugeuza alama hizo mwenyewe, na bado imo; ifute.

ORDER BY ikae ndani ya xmlagg, inayokusanya mizigo ya chama kimoja. Ukiiweka mwishoni itapanga vyama, si mizigo. FILTER nayo usiione pambo: bila hiyo, chama ambacho hakijaleta kitu kitapewa <mzigo/> tupu, kwa sababu LEFT JOIN hubakiza kila chama, na kisicho na mzigo hukiachia mstari mmoja wa NULL.

Mpokeaji akitaka Chama kwa herufi kubwa, andika name "Chama"; bila alama za nukuu PostgreSQL huigeuza herufi ndogo. Nafasi kwenye jina ni usumbufu mtupu: "kilo ghafi" hutoka kilo_x0020_ghafi.

Faili zima linahitaji nodi moja ya juu, hivyo ifunge amri hiyo ndani ya nyingine:

SELECT xmlelement(name vyama, xmlagg(x))
FROM ( ...amri ya juu... ) t;

Ihifadhi kama ghala.sql, kisha itoe kwa psql, programu ya PostgreSQL ya kuandikia amri: psql -At -f ghala.sql -o ghala.xml. Bila -At, kichwa cha jedwali na hesabu ya mistari vitaingia kwenye faili, nalo litagoma tena.