Wazo Mnalolitafuta Liko Idara Nyingine

Timu ikikwama, wengi hukimbilia kuitisha kikao cha kuchemsha bongo. Watu walewale, meza ileile, na baada ya saa mbili mnatoka na mambo matano ambayo kila mmoja alikuwa nayo kichwani kabla hajaingia. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo mpaka nikachoka. Siku hizi mtu akiniomba ushauri kuhusu ubunifu kazini, simuulizi wanatumia mbinu gani. Namuuliza wanaongea na nani. Na sizungumzii wafuasi wa Instagram. Nazungumzia watu: unampigia nani simu ukikwama, nani hukupigia wewe, na ni kina nani mko nao kampuni moja lakini hamjawahi kubadilishana hata neno.

Ninachokiamini ni hiki. Wazo jipya mara nyingi hutoka kwa watu wa mbali, ila hukomaa na kutekelezwa mikononi mwa watu wa karibu. Wengi wetu tunafanya kinyume chake: tunawabana wenzetu wa kila siku watupe jipya ambalo hawana, halafu wazo likiwa bado bichi tunalimwaga mbele ya kikao kilichojaa watu wasiotufahamu, linakanyagwa papo hapo.

Wenzako hawajapungukiwa akili. Shida ni kwamba ukikaa na mtu kila siku, anachokijua yeye unakijua na wewe. Mnasoma barua pepe zilezile, mnasikia malalamiko yaleyale, na hata marafiki wenu ni wamoja. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliliweka jambo hili wazi mwaka 1973. Aliwauliza watu wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Karibu asilimia 17 tu walisema mara kwa mara. Karibu asilimia 56 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 28 kwa nadra. Yule wa mara mojamoja hakupendi kuliko rafiki yako. Ana habari ambazo rafiki yako hana, basi.

Hiyo ilikuwa kuhusu kupata kazi. Kuhusu mawazo, utafiti ninaoupenda ni wa mwanasosholojia Ronald Burt, uliochapishwa mwaka 2004. Alichukua mameneja 673 wa ununuzi na ugavi katika kampuni kubwa ya vifaa vya kielektroniki ya Marekani, akamwomba kila mmoja aandike wazo moja la kuboresha kazi yao. Kisha wakubwa wawili wa kitengo hicho wakayapa mawazo hayo alama. Waliopata alama nzuri zaidi kwa jumla ni wale ambao mahusiano yao yalivuka kutoka kundi moja hadi jingine. Waliojifungia ndani ya kundi lao waliachwa nyuma. Maelezo ya Burt hayana uchawi wowote. Jambo la kawaida kabisa upande mmoja likivushwa kwenda upande mwingine huonekana jipya, na mara nyingi ndilo lililokuwa likihitajika huko.

Mimi hilo nimelishuhudia kwa macho. Kuna wakati nilikuwa kwenye kitengo kinachoandika barua za wateja. Barua moja, ya kuhuisha mkataba, kila ilipotumwa simu zilimiminika. Tuliijadili kama waandishi wanavyojadili: ni ndefu mno, lugha nzito, aya ya pili ipande juu. Tukaifupisha. Simu zikaendelea vilevile. Nikaomba kukaa mchana mmoja na wanaopokea simu, nikapewa hedifoni ya pili nisikilize. Dada niliyekaa naye alikuwa na kikaratasi alichokibandika kwa selotepu chini ya skrini, kimeshakunjika pembe, kina sentensi moja kwa mwandiko wake: "Achana na namba yenye herufi, tumia ile ya chini yenye tarakimu tupu." Alikuwa akiitamka mteja baada ya mteja bila hata kuitazama. Barua yetu ilikuwa na namba mbili za kumbukumbu. Wateja walikuwa wakijaza ile isiyotakiwa, mfumo unawakatalia, wanapiga simu.

Nikamuuliza, "Dada, hili mlishawahi kuwaambia watu wa barua?"

Akacheka. "Kaka, watu wa barua ni kina nani? Sisi tunajua zinatoka kwenye printa."

Kwake lile halikuwa wazo. Ilikuwa kero aliyokwisha kuizoea. Kwetu likawa pendekezo lililopunguza simu kuliko lolote tulilowahi kulijadili kikaoni, na gharama yake ilikuwa kunyanyuka kwenye kiti.

Lakini hadithi haiishii hapo, na hapa ndipo watu wanaosifia "kukutana na watu wapya" huwa wanaishia njiani. Nilirudi na suluhisho jepesi: tuifute ile namba yenye herufi. Mwenzangu wa meza moja, mtu asiyejua kupamba maneno, akaniambia, "Ukiifuta, wahasibu watakurudishia barua zote kesho asubuhi." Alikuwa na mtu anayemwamini huko uhasibuni, tukaenda kwake. Ikabainika wanaihitaji kwa kuoanisha malipo, ila hawajali imekaa wapi kwenye ukurasa. Ikahamia chini kabisa, kwa herufi ndogo, na ile anayoitaka mteja ikawekewa kisanduku juu. Kuuliza, kubembeleza, kuandika rasimu upya, kusubiri saini: kazi hiyo yote huwezi kumtwika mtu mliyekutana kwenye lifti. Inahitaji watu wanaokujua, watakaokuambia ukweli bila kuogopa utanuna.

Watafiti Jill Perry-Smith na Pier Vittorio Mannucci, katika makala yao ya 2017, wanaieleza safari ya wazo kwa hatua nne: kulizaa, kulikuza, kulipigania na kulitekeleza. Kila hatua ina mahusiano yake. Kulizaa kunataka watu wa mbali. Kulikuza kunataka mmoja au wawili wa karibu sana, wa kukutia moyo na kukurekebisha. Nakushauri usiziruke. Wazo likiwa na siku mbili, halijawa tayari kwa bosi wala kwa kundi la WhatsApp la ofisi nzima. Mpe kwanza yule mmoja. Akisema "sijakuelewa", umepata kazi ya kufanya. Angekuwa mkurugenzi ndiye aliyesema hivyo, ungekuwa umepata jibu la hapana.

Mfano maarufu wa safari hiyo ni vile vikaratasi vya kubandika na kubandua vya kampuni ya 3M. Mwaka 1968 mkemia Spencer Silver alipata gundi dhaifu, inayoshika na kuachia. Hakujua ya kazi gani, ila hakuificha. Kwa miaka aliendelea kuwaeleza wenzake wa vitengo vingine ndani ya kampuni. Mmoja wa waliosikia ni Art Fry, ambaye alikuwa akiimba kwaya ya kanisa na alichoshwa na vipande vya karatasi alivyowekea alama nyimbo, kwa jinsi vilivyokuwa vikidondoka. Mwaka 1974 akaviunganisha viwili hivyo kichwani. Silver alikuwa na jibu lisilo na swali, Fry alikuwa na swali lisilo na jibu. Hata hivyo bidhaa ilienea sokoni Marekani mwaka 1980. Miaka sita kutoka gundi hadi wazo, na mingine sita kutoka wazo hadi dukani! Hiyo sita ya pili watu huisahau.

Msinielewe vibaya, kuzurura idara kwa idara nako kuna kikomo. Watafiti Brian Uzzi na Jarrett Spiro walichunguza tamthilia za muziki za Broadway, kwenye kumbi za maonyesho za New York, za kuanzia 1945 hadi 1989, wakaangalia nani aliwahi kufanya kazi na nani. Mtandao wa wasanii ulipokuwa umetawanyika mno, mafanikio yalikuwa haba. Ulipokuwa umeshikana mno, kila mtu anajuana na kila mtu, yakashuka tena. Neema ilikuwa katikati. Ndiyo maana namshangaa mtu mwenye simu iliyofurika namba za watu lakini hana hata mmoja wa kumsomea rasimu.

Wanaofanya kazi nyumbani wana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu hakuna korido. Watafiti wa Microsoft walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 61,000 wa kampuni hiyo nchini Marekani katika miezi sita ya kwanza ya 2020. Kufanya kazi mbali na ofisi kulifanya makundi yajifunge zaidi, na sehemu ya muda wa ushirikiano iliyokwenda kwa watu wa makundi mengine ikapungua kwa takriban robo. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ukikaa nyumbani unampigia unayemhitaji leo, na usiyemhitaji leo anapotea. Kama hiyo ndiyo hali yako, mweke kwenye kalenda mtu mmoja wa kitengo kingine kila baada ya muda, dakika ishirini, bila ajenda. Watu huona aibu kuomba jambo kama hili. Sijawahi kukutana na mtu aliyekasirika kwa kuulizwa kuhusu kazi yake.

Ila uulize vizuri. "Una wazo gani?" ni swali baya, humfanya mtu aanze kutunga. Uliza ni kitu gani anakirudiarudia kila wiki na kinamchosha, au ni nini amejitengenezea mwenyewe kwa sababu mfumo haumsaidii. Angalia vikaratasi, majedwali ya binafsi ya Excel, njia za mkato. Humo ndimo mnamofichwa mambo. Na mfanyakazi mpya muulize mapema, kabla hajazoea. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini baada ya miezi kadhaa mgeni naye ameshakuwa mwenyeji, hayaoni tena yaliyomshangaza siku ya kwanza.

Jambo ambalo sitalipitia haraka ni sifa. Anayesimama kati ya makundi mawili ana nafasi kubwa ya kuonekana mbunifu kwa kazi za wengine, na wapo wanaoishi kwa hilo. Wanachota huku, wanauza kule, majina ya wenyewe hayatajwi. Inafanya kazi mara moja, pengine mara mbili. Baada ya hapo ukitokea mlangoni watu wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Ile barua ilipopitishwa, andiko letu lilimtaja kwa jina dada wa simu kwenye ukurasa wa kwanza, na tukamwalika kikaoni aeleze mwenyewe. Wakubwa walimuuliza maswali ambayo mimi nisingeyajibu. Tangu siku hiyo kitengo chetu kilimpigia yeye moja kwa moja, hakikupitia kwangu. Wapo watakaoona nilijipunguzia umuhimu. Mimi niliona nimepata muda wa kwenda kumjua mtu wa masjala.

Utakutana na bosi anayeona mtu akiwa ghorofa nyingine anadhani ametoroka kazi. Usibishane naye kwa nadharia wala kwa majina ya maprofesa. Mwambie kabla ya kwenda, utaje unakwenda kwa nani na kwa muda gani, kisha wiki hiyohiyo mwandikie mistari mitatu: nimeongea na fulani, wao wanafanya hivi, sisi tunaweza kujaribu hiki. Hata kama hakuna la kujaribu, mwandikie. Akishasoma chache za namna hiyo ataanza yeye mwenyewe kukuuliza kina fulani wanasemaje.