Baada ya Jamhuri Sipokei Kitanda

Ikifika wiki ya pili ya Desemba, simu yangu huanza kulia kwa maneno yaleyale. "Mama, ungali unashona yale mablanketi ya viraka? Nataka la futi tano kwa sita, nampelekea mamangu ushago Krismasi." Anayepiga huwa na haraka, na mara nyingi ashauliza bei kabla sijamwambia kama nipo mjini. Miaka ya kwanza nilikuwa najibu, "Leta, tutaona." Siku hizi nasema hapana, halafu namuuliza kama mamake ana mito ya kochi.

Naishi Nakuru, upande wa Free Area. Nilianza kushona viraka kifungua mimba wangu akiwa anatambaa, na sasa ananipita urefu. Kamusi zina neno zuri, mfarishi, lakini ukilitaja hapa kwetu utaulizwa kama ni dawa ya mbu. Sisi tunasema blanketi la viraka, basi. Juu ni vipande vilivyounganishwa, katikati kitu cha joto, chini shuka, halafu mishono inayopenya matabaka yote matatu ili yasihamehame. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku unajua hivyo. Soko la kitu cha kujifunika halikosekani. Kinachokosekana ni siku.

Kwa hiyo kabla hujapokea hata senti ya mtu, kaa chini na kalamu. Kitanda cha futi tano kwa sita, yaani blanketi lake, kwangu kinakula vipande 90, tisa kwa upana na kumi kwa urefu, kila kimoja inchi 9 kikishashonwa. Hiyo ni inchi 81 kwa 90. Godoro lina inchi 60 kwa 72, kwa hiyo blanketi linaning'inia vizuri pembeni na bado linafika kwenye mto. Kukata ni asubuhi moja na nusu. Kuunganisha, siku mbili. Kutandaza na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia matabaka, nusu siku, na watoto wawe nje. Mishono ya kupenya matabaka, siku mbili. Pindo mimi humalizia kwa mkono, jioni mbili au tatu. Weka hapo kupika, kufua na kwenda sokoni, na umepata wiki nzima.

Kuanzia Novemba mosi hadi Desemba 20 kuna wiki saba. Napokea vitanda vitano. Wiki mbili ninazoacha si za kupumzika. Moja italiwa na homa ya mtoto au matanga ya jirani, na nyingine ni ya kufumua nilichokosea. Vitano vikijaa, daftari linafungwa. Na hata nafasi ikibaki, baada ya sikukuu ya Jamhuri, Desemba 12, sipokei kitanda cha mtu yeyote, awe shemeji, awe mke wa pasta.

Nilijifunza kwa aibu. Kuna mwaka nilipokea vitanda 11 kwa sababu kila mmoja alikuja na pesa mkononi na karo ya Januari ilikuwa inanitazama. Desemba 23 nilikuwa nimebakisha vinne. Mteja mmoja alifika mlangoni na sanduku lake la safari, matatu ikimsubiri stendi, na blanketi lake lilikuwa bado limezungukwa na pini badala ya pindo. Hakupiga kelele. Alilikunja pamoja na pini zake, akasema, "Asante, Mama, nitamalizia huko," akaondoka. Angepiga kelele ningelala vizuri zaidi.

Sasa vitambaa. Novemba na Desemba mafundi wa nguo hapa mjini hawalali. Kuna vitenge vya harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari za Wakikuyu, na kuna sare za shule za Januari. Mabaki yanajaa chini ya cherehani hadi mguu haupati mahali pa kukanyaga. Ijumaa jioni napita na gunia kwa mafundi watatu ninaowajua. Zamani walinipa bure, wakishukuru kwa kufagiliwa. Kisha wakaona picha za mablanketi yangu kwenye simu ya mtu. Sasa wawili nawalipa kwa kilo, na wa tatu, mzee mmoja mwenye staha, bado anakubali mandazi ya moto.

Mabaki ya sare yatakuvutia kwa sababu ni mengi na rangi zake zimetulia. Kuwa mwangalifu. Mengi yana poliesta, na poliesta ikikaa bega kwa bega na kitenge cha pamba, maji ya kwanza tu yatawagombanisha. Pamba inarudi nyuma, poliesta inabaki palepale, na blanketi linajikunja kama karatasi iliyolowa. Kama hujui kitambaa ni cha nini, kata uzi wake mmoja uuchome kwa kiberiti, juu ya sinki. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki na kuacha kishanga kigumu. Hilo halihitaji miwani wala elimu.

Ukishajua ni pamba, ifue kabla hujaikata. Najua mtu ana haraka. Hata mimi nilikuwa na haraka siku niliyoshona kitenge chekundu kama nyanya kando ya shuka nyeupe ya mtumba. Mwenyewe alipolifua mara ya kwanza, weupe wote ukawa waridi, si waridi la kupendeza bali la chai iliyomwagika. Nililipa. Watu watakuambia chumvi hufunga rangi. Chumvi nilitia, na rangi ikatoka pamoja na chumvi yake. Siku hizi nalowesha kona ya kitambaa kwa maji ya moto na sabuni, naifinya ndani ya kitambaa cheupe, naikanyaga kidogo. Cheupe kikipata doa, kitenge hicho kitafuliwa tena na tena hadi kiache, au kiwe mfuko wa soko.

Kipande cha inchi 9 hukatwa inchi 9 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Kitenge chenye upana wa inchi 45 kitakupa vipande vinne kwa mstari, na yadi moja mistari mitatu, yaani vipande 12. Napima kwa kadibodi ya katoni niliyoikata mara moja na kuizungushia seloteipu kingo zake, maana kadibodi tupu hunyonyoka, na ukifika kipande cha sitini utakuwa unapima kitu kingine kabisa.

Na hiyo robo inchi ndiyo roho ya kazi. Mwaka juzi mpwa wangu alikuja kunisaidia shule zilipofungwa. Ana mkono mwepesi na anapenda kazi. Nikampa mistari mitano, nami nikashona mitano. Tulipoilaza sakafuni, yake ilikuwa mifupi kuliko yangu kwa inchi 2 kamili. Akaapa hakukata kitu. Ni kweli hakukata. Alikuwa akishona nusu ya robo inchi ndani zaidi yangu, kitu ambacho jicho halikioni. Lakini kila mshono unakula kitambaa cha kushoto na cha kulia, kwa hiyo ni robo inchi kila mshono, na mstari wa vipande tisa una mishono minane. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe. Tulifumua mistari mitano usiku ule kwa wembe, tukicheka kwa uchungu. Asubuhi nilibandika kipande cha seloteipu kwenye sahani ya cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na kikawa ukuta wake. Nami nikahamia kwenye ukuta uohuo, kwa sababu ukweli ni kwamba hata wangu nilikuwa naukisia tu.

Pasi usiidharau. Kila mstari upigwe pasi kabla ya kuunganishwa na mwenzake, mshono ukilazwa upande wa kitambaa cheusi zaidi ili usionekane kwa juu. Kama unatumia pasi ya makaa stima ikipotea, ipulize majivu ukiwa nje. Sitaeleza nimejuaje.

Katikati mimi hutia blanketi la flisi la mtumba, lile jepesi, nikiwa nimeshalifua. Pamba ya kujazia mito huhama ikafanya vilima kona moja, na mtu akilala anahisi Mlima Menengai mgongoni. Shuka ya nyuma pia ni ya mtumba, ya pamba, na naitafuta pana, ya kitanda cha futi sita kwa sita, ili nisiiunge katikati. Tandaza shuka sakafuni ikiwa imegeuzwa, ivute, juu yake flisi, juu yake viraka. Piga bandi kuanzia katikati ukielekea nje, upana wa kiganja kati ya mstari na mstari. Ukianzia pembeni, upepo wote utakusanyika katikati na hautakuwa na pa kutokea. Kwa cherehani weka sindano namba 16, refusha mshono, kunja blanketi pande zote mbili kama mkeka, ushone njia iliyobaki wazi. Cherehani yangu ni ya miguu, Butterfly nyeusi, na Desemba stima inapokatika mtaa mzima mimi huendelea tu mlangoni kwenye mwanga.

Siku zikikuishia, acha mishono, funga vifundo. Chukua uzi wa sufu wa kufumia, upenyeze matabaka yote kwenye kila kona ambapo vipande vinne vinakutana, ufunge fundo mara mbili, uache vishungi viwili vidogo juu. Kazi ya siku mbili inakuwa ya alasiri moja, na akina nyanya wanapenda vile vishungi kuliko mshono wowote ninaojua.

Kwa asiye na cherehani kabisa, kuna njia nyingine ninayoipenda, ya Wasidi wa Karnataka, India. Ni watu ambao mababu zao walitoka Afrika, na wanawake wao hushona mablanketi ya viraka kwa mkono, yanayoitwa kawandi. Hawaunganishi vipande kwanza kama sisi. Wanaanzia kwenye ukingo wa shuka, wanalaza kipande, wanakunja ncha yake, wanakishona kwa bandi iliyopenya hadi chini, kisha kinachofuata, wakizunguka kuelekea katikati. Kwenye pembe nne wanaweka pembetatu zilizokunjwa, huziita maua. Nilishona moja hivyo kwa mtoto wa dada yangu. Hakuna kupima, hakuna mstari kugombana na mstari, na unaweza kuibeba popote, hata kliniki.

Siku yenyewe inakwenda na mwanga. Saa kumi na moja alfajiri chai, halafu kukata, maana jicho bado halijachoka. Vitambaa vyeusi vyote ni vya mchana. Watoto wakiwa likizo mimi huwapa gunia la mabaki watenganishe rangi, na malipo ni mandazi yaliyombakia yule mzee. Mvua za Novemba zikichelewa kuisha, kazi ya kufua vitambaa inakwama na nyumba inanuka unyevu. Jioni ni pindo, kwenye kochi, taarifa ya habari ya saa moja ikiendelea. Mume wangu hudai nikisikia habari mbaya mshono unakaza.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Nusu inaingia kwa M-Pesa kabla sijakata, iliyobaki siku ya kuchukua. Atakayekuambia duveti ya mtumba ni rahisi kuliko lako anasema kweli. Mkubalie, umwelekeze wanapouza. Wengine hurudi.

Na yule aliyepiga simu baada ya Jamhuri? Foronya mbili za mito ya kochi za viraka ni kazi ya siku moja. Vishikio vya sufuria sita ni jioni moja mbele ya televisheni. Mzigo wa kwenda Bungoma au Kakamega upelekwe stendi kabla ya tarehe 20, kwa maana baada ya hapo magari yanajaza watu kwanza na vifurushi vinalala Nakuru.

Kitanda changu mwenyewe? Kinyozi hajinyoi. Blanketi langu nimelianza miaka mitatu iliyopita, vitenge vya nguo nilizovaa nikiwa na mimba ya kitinda mimba. Desemba iliyopita lilikuwa limebakia pindo la pande mbili, nikalitia kwenye mfuko tulipokuwa tukienda kwa mama mkwe, Kakamega, kwa njia ya Eldoret. Msongamano ulituganda kabla ya Mau Summit, nikashona upande mmoja karibu wote. Tulipofika Timboroa giza lilikuwa limeingia, na baridi ya pale kila anayepita anaijua. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa na mtoto wa miaka kama minne, kavaa fulana nyepesi, magoti yamekunjwa hadi kidevuni. Alikuwa analitazama blanketi bila kusema. Nikamwambia asubiri kidogo, upande wa pili bado ulikuwa na pini. Akaniwashia tochi ya simu, nikazichomoa moja moja nikizichomeka kwenye kola ya koti langu, nikihesabu hadi 23, kisha nikahesabu tena.