Piga hesabu ya ghala kabla mnunuzi hajafika

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kuvuka miezi ya njaa huanza na shamba: mbegu gani, mbolea kiasi gani. Mimi huwauliza waliuza magunia mangapi mara tu baada ya kuvuna. Kaya nyingi za vijijini huuza nafaka bei ikiwa chini, halafu huinunua kwa bei ya juu kabla ya mavuno mengine.

Kwangu halitoki gunia kabla ya hesabu. Huwa nakadiria gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, kiasi kinachokaribiana na mgao wa chakula cha msaada. Watu 6 watakula kilo 2.4 kwa siku, yaani kilo 876 kwa mwaka. Hayo ni karibu magunia 9 ya kilo 100, bado mbegu na wageni (nao wageni wanajua sana msimu wa mavuno!). Kinachozidi hapo ndicho cha kuuza. Ada ikibana, auzwe mfugo kwanza.

Kabla ya kuhifadhi, pima unyevu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha nafaka juani. Ikikauka sawasawa, mifuko isiyopitisha hewa inafaa sana: wadudu hukosa oksijeni wakafa bila dawa yoyote. Ila ukifungia nafaka mbichi humo, itaota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupikwa.

Ghala likishajaa, geukia sahani, maana shibe ya nafaka tupu hudanganya. Kipimo cha mlo wa wanawake cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kina makundi 10 ya vyakula, na mwanamke anatakiwa apate angalau 5 ndani ya saa 24. Jioni mhesabie mama wa nyumba, usijihesabie wewe. Yeye ndiye anayepakua, na mara nyingi hubakiwa na mchuzi na makoko. Kwetu mboga hugawanywa ikiwa bado jikoni, na sahani ya mke wangu hupakuliwa sambamba na zetu. Makundi yasipotimia, anzia kwenye mikunde: hukaushwa na kutunzwa vilevile kama nafaka, kwa hiyo inakuwepo hata mboga za majani zikiadimika.