Maswali ya Ujenzi: Wapangaji Wanasikiana Hadi Kikohozi

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vya kupangisha Sakina, Arusha. Kuta za kati ni tofali za inchi 5 zenye lipu, lakini wapangaji wanasikiana hadi kikohozi. Fundi anashauri tubandike trei za mayai. Zitasaidia?

JIBU: Trei waachie wauza mayai. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, basi. Sauti inayovuka ukuta huzuiwa na uzito na kuziba matundu.

Ukuta wako si mbovu. Kabla hujanunua chochote, panda darini na tochi. Nyumba nyingi za aina hii ukuta huishia usawa wa dari, na juu yake kenchi ziko wazi toka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Sauti hupenya jipsamu ya dari ya milimita 9, ikavuka, ikamshukia jirani. Ukikuta hivyo, endeleza ukuta kwa tofali zilezile hadi chini ya bati, na upige lipu pande zote mbili. Simamia hapo, maana mafundi huruka lipu ya darini kwa kuwa haionekani, na tofali tupu la saruji lina vitundu vinavyopitisha hewa, na sauti pia. Migongo ya bati usiijaze saruji. Bati hutanuka kwa jua na saruji itapasuka. Shindilia humo pamba ya mwamba (rockwool, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa).

Kagua pia soketi zilizopeana migongo. Fundi umeme ahamishe moja walau sentimita 60, tundu la zamani lizibwe kwa saruji.

Sauti ikibaki, simamisha fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, sentimita 2 mbele ya ukuta bila kuugusa, jaza pamba hiyohiyo ya mwamba, kisha jipsamu ya milimita 12 tabaka mbili, maungio yapishane. Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 unakula shiti 8 za mita 1.2 kwa 2.4, nunua 9. Skrubu moja ikifika ukutani inapitisha mtikisiko.

SWALI: Tunaishi ghorofa ya chini, Moshi. Viti vya wa juu vinakwaruza usiku kucha. Tuweke dari nene?

JIBU: Dari itapunguza kidogo tu, kwa sababu zege limeshatikisika na kuta zinaushusha mtikisiko huo hadi kwenu. Kishindo huzuiwa kule kinakoanzia. Muombeni jirani avishe miguu ya viti vipande vya zulia na atandike zulia zito lenye sponji chini. Sakafu mpya ya saruji ya sentimita 5 juu ya sponji, huko kwa jirani, ni dawa kubwa zaidi, ila huongeza kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba: mhandisi aulizwe kwanza.