Miaka 22 barabarani, nikarudishwa testi nikafeli

Wakuu habari za jioni. Mleta mada kauliza hivi: baba yake ana karibu miaka 30 kwenye stelingi, kampuni anayofanyia kazi imesema madereva wote wapimwe upya, mzee kachukia kweli na nyumbani anasema hakuna wa kumpima yeye, sasa kijana anataka kujua dereva mzoefu akirudishwa testi leo anapita au hapiti. Nimesoma majibu yote, wengi mmesema testi ni ya wanaoanza, mzoefu anapita hata akiwa amelala. Mi nasema hapiti, na sibahatishi, mimi mwenyewe nilifeli, nitaeleza kidogo kwa urefu mnivumilie.

Mi ni wa Mbeya, nakaa Uyole. Nilianza kama utingo kwa baba mdogo, alikuwa na Fuso inabeba viazi toka Isyonje kwenda Dar, baadaye akaniachia stelingi, nikahamia malori ya watu wengine, Tunduma, Iringa, Dar, Songea, hiyo ndo ilikuwa kazi yangu miaka yote. Leseni nimehuisha mara nyingi na hata siku moja sijaambiwa nikae kwenye gari mtu anione ninavyoendesha. Unalipia, unapigwa picha, unaondoka.

Sasa miaka mitatu iliyopita tajiri wangu akauza malori akaleta kosta ya abiria, Mbeya Kyela. Nikatakiwa nipate daraja la abiria kwa hiyo ikabidi niende chuo. Siku ya kwanza kabla hata ya darasa wakasema kila mmoja atoke na mwalimu barabarani waone anavyoendesha. Mwalimu niliyepewa ni binti mdogo tu, umri kama wa mwanangu wa kwanza, ana daftari la shule na kalamu. Akanisalimia vizuri, shikamoo baba, akafunga mkanda akaniambia "baba endesha tu kama unavyoendesha siku zote, mi sitaongea". Na kweli hakuongea. Tukatoka Uyole, tukapita Sae, Mafiati, Nzovwe, tukatokea Iwambi, ukishavuka pale mnaujua ule mteremko wa kuingia Mbalizi, tukashuka, tulipofika chini ndo akasema "baba paki pembeni kidogo".

Akanipa daftari nisome mwenyewe. Alikuwa amechora mistari, juu ameandika vioo, chini yake vijiti vinne. Yani toka Uyole mpaka Mbalizi nimeangalia saiti mira mara nne. Nikamwambia hapana mwanangu, mi vioo naangalia, labda hukuona macho yangu. Hakubishana. Akaniuliza, "ile bajaji iliyokuwa kushoto kwako pale Mafiati ulipokuwa unaingia pembeni, uliiona saa ngapi?"

Nilikaa kimya. Bajaji yoyote sikuiona. Nilijaribu kuikumbuka nikakuta sina hata kivuli chake kichwani, na nakumbuka vizuri kwamba pale nililalia kushoto kumpisha mwenye basi. Kwa hiyo yule dereva wa bajaji na abiria wake waliokoka kwa sababu yeye aliniona mimi. Hilo lilinikaa tumboni wiki nzima, mpaka leo nikipita Mafiati nalikumbuka.

Halafu la pili. "Wakati tunashuka gia ilikuwa wapi?" Nikaangalia mkono wangu, nikaangalia gia, iko nyutro, yani gari haina gia yoyote. Ndugu zangu nilishuka Iwambi na fri, na abiria mmoja pembeni anayenipima, na sikujua kama nimefanya hivyo! Mkono ulienda wenyewe.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndo kiini cha jibu langu. Baba mdogo alinifundisha neno moja ambalo kila dereva wa nyanda za juu analijua, mlima unaoupanda kwa gia ya pili ushuke kwa gia ya pili. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kuendesha. Na nimeonyeshwa kwa macho kwa nini. Mwaka 2006 tunashuka Kitonga na mzigo wa viazi, ukitokea Iringa ukishapita Ilula ndo unaanza kuteremka kona kwa kona, baba mdogo alichelewa kupunguza gia akawa anategemea breki. Kwanza ilikuja harufu, kama mpira umetupwa jikoni. Kisha nikaona anakanyaga pedeli inaenda chini kabisa na gari haishiki, na mshale wa upepo wa breki unapungua kila akikanyaga. Upepo bado ulikuwepo lakini breki zenyewe zilishapata moto, zile ngoma za magurudumu zikiwa za moto sana zinatanuka na kiatu cha breki hakishiki tena hata ukanyage na miguu miwili. Alipigana na gia mpaka ikaingia ya chini, injini ikalia vibaya sana, gari ikatulia, tukaegesha kwenye ukuta wa mlima nikaruka na jiwe la kuweka tairi. Magurudumu yalikuwa yanatoa moshi. Hakuna aliyeongea mpaka Ruaha Mbuyuni.

Mtu aliyeona hiyo kitu, miaka mingi baadaye anashuka Iwambi na fri. Kwa nini? Kwa sababu katikati hapo nimefanya kazi kwa watu wanaokupimia dizeli, kinachobaki kwenye tenki ndo posho yako, gari ikiwa tupu unaachia fri unaokoa lita mbili tatu, unafanya leo, unafanya kesho, mwisho mkono hauulizi tena kama gari ina mzigo au haina. Na yule binti akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua, kwamba kwenye magari ya siku hizi yenye kompyuta, ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta unateremka, injini inakata mafuta yenyewe, inazungushwa na magurudumu. Ukiweka nyutro ndo inabidi inywe ili isizime. Yani miaka yote naiweka roho yangu rehani na hata hiyo dizeli siiokoi.

Kwa hiyo mnaosema mzoefu anajua, ndio anajua, ila uzoefu hauchagui. Unashika kizuri na kibaya kwa nguvu ileile na wewe mwenyewe huwezi kutofautisha ukiwa ndani ya gari.

Baada ya wiki tukapewa mtihani wa kuandika. Hapa sitachukua muda mrefu. Kwenye alama za barabarani nilijikuta najua zile ninazokutana nazo, pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, duara jekundu ni katazo, lakini alama za reli nilichanganya wakati reli ya TAZARA nimeikatiza maisha yangu yote. Kwenye kipilefti niliandika mwenye gari kubwa anapita kwanza, maana ndo tunavyoishi, kumbe unampisha anayetokea kulia kwako ambaye yuko ndani tayari. Mwendo nilipata, 50 kwenye makazi na 80 kwa mabasi na malori, ila nakiri nilizoea kwenda 50 pale ninapojua trafiki anakaa, au nikipigiwa taa na mwenzangu anayetoka mbele.

Swali nililobishana nalo ni la indiketa. Madereva wa njia kuu wanajua, lori la mbele likikuwashia kushoto maana yake pita, likiwasha kulia maana yake tulia kuna gari linakuja. Niliandika hivyo nikakosa. Nikamfuata mwalimu nikamwambia hiyo imeokoa watu wengi kwenye kona za Makambako mpaka Iringa. Akasema "sawa baba, na huyo dereva wa gari ndogo asiyeijua hiyo lugha yenu, akiona lori limewasha kulia anajua linakata kulia, na wewe ukiwasha kushoto kumbe unataka kupaki, aliye nyuma anaovateki kwenye kona kwa macho yako wewe?" Sikuwa na jibu. Hata matawi ya miti tunayoweka barabarani gari likifa, usiku na mvua nani anayaona? Zile pembetatu za kuakisi tunazo, zimelala chini ya siti na plastiki yake.

Mtu asiseme hili ni la kwetu tu. Shemeji yangu aliendesha daladala za Mwanjelwa miaka 11 kabla hajaenda Uingereza. Kule leseni ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu, baada ya hapo unafanya testi kama mtoto wa shule. Maswali 50 lazima upate 43, halafu video za kuangalia hatari, halafu barabarani, ukizidisha makosa madogo 15 umefeli, kosa kubwa likiwa moja tu umefeli pia. Alifeli mara ya kwanza barabarani na kosa lilikuwa lilelile langu, vioo. Akaniambia ilimuuma zaidi kwa sababu gari yenyewe aliiendesha vizuri, kila mtu aliyekaa naye angesema huyu dereva.

Pamoja na hayo yote upande wa mzee wa mleta mada kuna haki, naomba nao usikike. Testi nyingi zinafanyika uwanja tambarare, koni zimepangwa, unapiga reva, unapaki, unaondoka. Huko mzee anaweza akagonga koni kwa kukosa mazoea na dogo wa miezi mitatu akapita safi, halafu huyo dogo anapewa gari la mzigo anashuka Kitonga usiku. Hii inaniuma kuliko kufeli kwangu. Mtu wa kwetu ukitaka kumpima mpeleke Tukuyu asubuhi ya mvua, ukungu umeshuka huoni mita 20, umwone kama atawasha taa ndefu ajipofushe mwenyewe au atashusha. Mpeleke juu ya Iwambi na gari lenye mzigo umwone anachagua gia akiwa bado juu au akiwa ameshaanza kukimbia. Hapo wazoefu wengi wangeng'ara, na hapo pia wangepatikana wale kama mimi ambao mkono wao umeharibika bila wao kujua.

Mara ya pili nilipita. Nilirudi barabarani na yule binti siku nne, nikawa nasema kwa sauti kila ninachokiona, kioo kulia pikipiki, kioo kushoto hakuna, mbele zebra mama na mtoto nasimama. Mwanzoni unajisikia vibaya, mtu mzima unaongea peke yako, siku ya pili ukaanza kuona vitu ambavyo havikuwepo jana. Kosta ninayo mpaka leo.

Sasa mleta mada, kuhusu mzee. Usimwambie asipokwenda atafukuzwa, na usimwambie amesahau, atakasirika zaidi na ana sababu, hiyo kazi ndo imekusomesha. Mwombe akufundishe wewe. Jumapili asubuhi barabara ikiwa wazi kaeni kwenye gari, yeye aendeshe, wewe pembeni, umwambie baba nieleze kila unachofanya na kwa nini unafanya, nataka kujifunza. Usimkosoe hata kidogo. Akifika mahali mkono wake umefanya kitu na yeye hana la kukuambia kwa nini, atanyamaza. Ukiona amenyamaza hivyo usiulize tena, ongeeni mambo mengine, mrudi nyumbani mle.