Unachoka haraka mazoezini? Maswali yenu ya vitamini

Nakimbia jioni pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, dakika 10 tu miguu mizito, pumzi imekata. Na chakula nala vizuri, wali kila siku. (Kijana, Tudor)

Wali na nini, ndugu yangu? Mchele ukikobolewa hadi ukawa mweupe pe, vitamini B1 nyingi yabaki kwa pumba, na hiyo B1 ndo husaidia sukari iliyovunjwa iingie kuchomwa na oksijeni ndani ya misuli, ikikosekana yageuka lakteti, yaani mabaki ya sukari isiyochomwa ikaisha, na nguvu utakayopata ni kidogo sana. Kuna daktari Mholanzi, Eijkman, huko Java aliona kuku waliolishwa wali mweupe miguu yalegea hawasimami, wakirudishiwa mchele wenye ganda wanapona, na 1929 akapewa Nobel. Sisemi uko hivyo, wali usiuache, weka mbaazi au pojo juu yake. Na kama umeanza mazoezi juzi, punguza spidi bana, huenda shida si chakula hata kidogo.

Nikimeza B complex (vidonge vya vitamini B za aina zote) kabla ya gym napata nguvu zaidi?

Hapana. Vitamini haina kalori. Mkaa ni huo wali na viazi, vitamini ni kiberiti tu, na ukiwa nazo za kutosha ziada yaenda chooni, ule mkojo wa manjano kali ni B2 uliyoilipia.

Nina sukari, natumia metformin miaka mingi. Sasa nikipanda ngazi nahema, na miguu yafa ganzi. (Mama, Kisauni)

Mama, dawa usiache, tafadhali. Metformin ikitumiwa muda mrefu yaweza kupunguza B12 mwilini, na bila B12 damu haitengenezwi sawasawa, oksijeni inayofika kwenye misuli ni kidogo, moyo nao wakimbia kufidia. Ganzi yaweza kuwa sukari yenyewe au B12, kwa macho hutajua, mwombe daktari akupime B12 na wingi wa damu, na umwambie pia kuhusu kuhema maana moyo nao wataka kuangaliwa, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Samaki, mayai na maini yana B12, mchicha hauna.

Chai na chakula vyaenda pamoja?

Kama damu yako ni kidogo, chai ngoja saa moja hivi baada ya kula, yazuia madini ya chuma ya mboga na maharagwe. Kamulia ndimu badala yake.